Taa Isiyopepesa: Namna ya Kuichagua kwa Ajili ya Wasiostahimili Mwanga

Najua wengi hulifungua jarida hili wakitafuta vichekesho na mashairi kwanza. Sina ugomvi na hayo. Hata hivyo, mwaka huu nimeonelea niandike jambo la Fizikia kwa Kiswahili, maana wako wenzetu wanaodai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi. Jambo lenyewe ni taa. Si taa yoyote tu, bali hizi glopu za LED ambazo siku hizi zimejaa madukani, madarasani na mabwenini. Swali langu ni hili: mtu ambaye macho yake au kichwa chake hakistahimili mwanga, atajuaje ni glopu gani itamwumiza na ni gani itamwacha asome kwa amani?

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Chamani tulibishana hadi kengele ikalia. Wapo waliotaka tuseme taa "inametameta", lakini nyota nazo humetameta na hakuna anayezilalamikia. Wengine walipendekeza "kuwakawaka". Mimi nimeshikilia "kupepesa", kwa sababu taa hizi hufanya kama mtu apepesavyo macho: hufumba na kufumbua, hufumba na kufumbua, ila kwa kasi kubwa mno. Asiyelipenda neno hili na alete lake mwaka ujao.

Sasa, kwa nini taa ipepese? Stima inayoletwa na nyaya hadi shuleni haitembei upande mmoja kama ile ya betri ya tochi. Ni mkondo geu, yaani huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Katika kila safari hiyo ya kwenda na kurudi, nguvu hufika kileleni mara mbili na kushuka hadi sufuri mara mbili. Piga hesabu: taa inayofuata stima hiyo bila kinga yoyote itang'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kule Marekani, ambako stima huenda na kurudi mara 60, taa hufifia mara 120.

Ile glopu ya kizamani yenye kiwaya ndani haikuwa na taabu hiyo sana. Kiwaya chake huwa cha moto zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kitu chenye moto namna hiyo hakiwezi kupoa katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwanga wake hupungua kidogo tu kisha stima hurudi. Tyubu zenye choki nzito ya chuma zilikuwa mbaya zaidi, na wazee wetu waliofanya kazi maofisini wanazikumbuka kwa mlio wake. Lakini LED ni jambo jingine kabisa. Kile kipande kidogo kinachotoa mwanga hakina joto la kukibeba. Stima ikikatika, mwanga wake hufa kabla hata ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kupita. Basi LED ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: ikipewa stima tulivu hutoa mwanga mtulivu, ikipewa stima inayoyumba nayo huyumba vivyo hivyo.

Hapa ndipo msomaji atauliza, "Mbona mimi sioni lolote?" Swali zuri. Kasi ikishapita mara 60 hadi 90 hivi kwa sekunde, watu wengi huona mwanga mmoja usiokatika. Lakini kutoona si kutopokea. Mwaka 1989 huko Uingereza, mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa ofisini. Wafanyakazi walikaa chini ya tyubu zenye choki ya kawaida kwa muda, kisha chini ya tyubu zenye choki ya kielektroniki ambayo huendesha mwanga kwa kasi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Hawakuambiwa ni ipi iko juu yao. Chini ya hizo za kasi, visa vya kuumwa na kichwa na kuchoka macho vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2013, Wilkins pamoja na Roberts walionyesha kwamba jicho linaporuka kutoka mahali hadi pengine, linaweza kutambua upepesaji unaozidi hata mara 1,000 kwa sekunde. Na sisi tusomapo, macho hufanya nini? Hayatelezi juu ya mstari kama gari barabarani, hurukaruka kutoka neno hadi neno. Mwanafunzi anayesoma prepu kwa saa mbili hurusha macho yake mara maelfu chini ya taa hiyo.

Ni muhimu tutofautishe aina za watu wasiostahimili mwanga, kwa maana dawa ya huyu si dawa ya yule. Wenzetu wenye ualbino wana upungufu wa ile rangi ya machoni inayozuia mwanga mwingi kuingia. Wao huumizwa hasa na ukali wa mwanga. Huyo umpe kofia, miwani ya giza, kiti cha mbali na dirisha, na glopu iliyofunikwa kivuli. Glopu isiyopepesa peke yake haitamsaidia sana. Wa pili ni baadhi ya wenye kifafa, wachache miongoni mwao, ambao kifafa chao huamshwa na mwanga wa kuwaka na kuzima. Hatari yao kubwa iko kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, yaani upepesaji wa polepole ambao hata mimi na wewe tunauona. Huenda umesikia kisa cha Japani cha Desemba 16, 1997, wakati katuni ya Pokémon ilipoonyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kama mara 12 kwa sekunde. Watoto 685 walipelekwa hospitalini. Kwa mtu kama huyo, glopu iliyoharibika inayowaka na kuzima si kero tu, ni ya kuondolewa siku hiyohiyo. Kundi la tatu ndilo kubwa: wenye kipandauso, na wale wanaoumwa na kichwa au macho kila wakikaa chini ya taa fulani. Hao ndio wanaoumizwa na upepesaji usioonekana, na hao ndio wasiosadikiwa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika darasa letu yuko dada mmoja, jirani yangu wa deski, ambaye mwaka 2023 tyubu za darasani zilipobadilishwa zikaletwa za LED, alianza kutoka prepu kila siku kabla ya saa tatu. Nesi alimpa tembe. Macho yalipimwa yakaonekana hayana kasoro. Kidogokidogo ikasemwa ni uvivu, na jina lake likaandikwa mara nne katika daftari la watoro. Mchana alikuwa mzima, tena mbele yangu katika Hesabu. Alipokwenda nyumbani likizoni akasomea taa ya sola, akawa mzima pia.

Aliyependekeza jaribio ni yeye mwenyewe, na napenda msomaji alijue hilo, kwa sababu si vyema kumfanyia mtu majaribio bila ridhaa yake. Tulipata taa mbili za mezani zinazofanana, kila moja na kivuli chake. Moja tulitia glopu iliyopepesa, nyingine isiyopepesa, zote za wati 9 na za rangi moja. Msaidizi wa laboratori alikuwa akichagua kila jioni ni ipi itawekwa, na hakumwambia yeye wala mimi. Yeye aliandika tu katika daftari: kichwa kimeuma, au hakikuuma. Baada ya jioni 10 tulifunua siri. Katika zile 5 za taa iliyopepesa aliumwa mara 4. Katika 5 za taa tulivu aliumwa mara 1, nayo ni siku aliyokosa chajio. Jioni 10 za mtu mmoja si utafiti wa kutangaza ulimwenguni. Lakini zilitosha kwa Naibu wa Mwalimu Mkuu, ambaye alikuja kusimama mbele ya taa zile mbili kwa dakika nyingi bila kusema neno, kisha akaagiza tyubu mbili za juu ya safu yetu zibadilishwe.

Swali linalofuata ni kwa nini glopu mbili za wati 9, za bei isiyopishana sana, ziwe tofauti hivyo. Siri imo shingoni mwa glopu, katika kifaa ambacho mafundi wetu hukiita draiva. Kwanza mna daiodi nne zinazogeuza ile stima ya kurudi nyuma ielekee mbele. Lakini bado inapanda na kushuka mara 100. Ndipo inapohitajika kapasita. Nadhani kila aliyelala bweni ataelewa nikisema kapasita ni tangi la maji. Maji ya mferejini huja na kukatika, lakini tangi likiwa kubwa, wewe uliye bafuni hujui kama yamekatika. Tangi likiwa dogo, sabuni itakukaukia mwilini. Glopu nzuri ina tangi la kutosha na saketi ya kuongoza stima. Glopu ya rahisi ina kikapasita kidogo, au haina kabisa, kwa sababu kifaa hicho hula nafasi na pesa. Zote mbili zitawaka. Zote mbili zitakuwa na wati 9 kwenye boksi. Wati hazisemi lolote juu ya kupepesa, wala rangi haisemi. Ile mwanga-joto ya 2700K na ile nyeupe ya 6500K zaweza kuwa tulivu zote au kupepesa zote.

Hebu tutie namba. Upepesaji hupimwa kwa asilimia: chukua mwanga ulipo juu kabisa, toa mwanga ulipo chini kabisa, ugawe kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme mwanga hupanda hadi 100 na kushuka hadi 40. Basi 60 gawanya kwa 140, ni kama asilimia 43. Je, hiyo ni nyingi? Mwaka 2015 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa mwongozo nambari 1789. Kwa taa zinazopepesa mara 100 kwa sekunde, mwongozo huo unaona asilimia 8 kuwa kikomo cha hatari ndogo, na asilimia 3 hivi kuwa kiwango kisichotarajiwa kumdhuru mtu. Kumbe 43 ni zaidi ya mara tano ya kile kikomo cha kwanza! Kasi ikipanda, ruhusa nayo hupanda. Taa inayopepesa mara 1,000 huruhusiwa asilimia nyingi zaidi kuliko ya mara 100, maana mwili wetu huisikia kidogo.

Umoja wa Ulaya umelifanya jambo hili kuwa sheria. Tangu Septemba 1, 2021, taa za LED zinazouzwa huko lazima zipimwe kwa vipimo viwili: PstLM, ambacho ni cha upepesaji unaoonekana kwa jicho, kisizidi 1, na SVM, ambacho ni cha ule wa kasi unaoonekana vitu vikitembea. SVM iliruhusiwa hadi 0.9 mwanzoni, na tangu Septemba 2024 haitakiwi kuzidi 0.4. SVM ya 1 ndipo mtu wa kawaida huanza kuutambua upepesaji. Kwa hivyo ukikuta glopu yenye namba hiyo kwenye boksi au kwenye karatasi yake, tafuta 0.4 kwenda chini, na kwa mwenye kipandauso, iwe karibu na sufuri iwezekanavyo. Yale maandishi makubwa yanayodai tu kwamba taa haipepesi, bila namba yoyote, mimi siyategemei. Karatasi huvumilia wino wote.

Namba zisipokuwepo, kama ilivyo mara nyingi katika maduka yetu, pima mwenyewe. Njia ya kwanza haina gharama. Zima taa nyingine zote ubaki na hiyo moja. Chukua kalamu ya rangi nyeupe, isimamishe mbele ya kitu cheusi, kisha uipunge kushoto na kulia kwa haraka. Mwanga ukiwa mtulivu utaona ukungu mmoja laini. Ukiwa unapepesa utaona kalamu nyingi zilizoachana, kana kwamba umeshika kichanuo. Kalamu ikipita kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde chini ya taa ya mara 100, kalamu hizo huachana sentimita 2. Jambo hilihili ndilo hufanya gurudumu la kinu cha posho lionekane limesimama ilhali linazunguka, na ndiyo sababu mafundi wa mashine huogopa taa za namna hiyo kuliko sisi.

Njia ya pili ni ya simu, na kwa vile sisi hatuna ruhusa ya kuwa nazo, mwombe mwalimu kwa adabu. Kamera ielekezwe karibu sana na glopu. Mistari ya giza ikipita kwenye kioo, taa yapepesa. Tahadhari moja: kamera nyingi za kisasa zimefundishwa kuificha mistari hiyo, basi kutoiona si ushahidi. Ni afadhali kupiga video ya mwendo wa polepole, ile ya picha 240 kwa sekunde. Taa mbaya hapo hupigapiga kama moyo.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo. Tulichukua kipaneli cha sola kutoka kwa taa iliyovunjika, tukaunganisha nyaya zake na tundu la spika ambamo huchomekwa waya wa redio. Paneli hugeuza mwanga kuwa stima, na spika hugeuza stima kuwa sauti. Ukiiweka juani, kimya. Ukiimulika kwa tochi ya kawaida ya betri, kimya. Ukiisogeza chini ya glopu inayopepesa, lo! Spika hunguruma kama nyuki aliyenaswa ndani ya mkebe. Kadiri mngurumo ulivyo mkubwa ndivyo upepesaji ulivyo mwingi, ila hakikisha umeweka paneli mbali sawa na kila glopu. Tulisikiliza glopu 6 kutoka mabweni mbalimbali. Tatu zilinguruma sana, mbili zilivuma kwa mbali, moja ilikuwa kimya kabisa. Tafadhali, usifungue glopu wala kugusa nyaya za ukutani. Jaribio hili halihitaji hayo.

Likizo ya Aprili nilikwenda na kalamu yangu dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka ya wati ngapi?"

"Tisa. Lakini naomba uniwashie kwanza nione kama inapepesa."

"Mwanangu, taa ni taa. Ikiwaka, imewaka."

Alinicheka kidogo, lakini aliiwasha. Nilipopunga kalamu mbele ya ya kwanza, kichanuo kilitokea. Ya pili, kichanuo. Ya tatu ikawa ukungu mtupu. Mzee akaninyang'anya kalamu akapunga mwenyewe, akarudi kwa ya kwanza, akapunga tena. Kisha akasema mkewe huumwa na kichwa jikoni kila usiku, na akaniuliza kama nadhani ni hiyo. Nilimwambia sijui, ila abadilishe glopu ya jikoni aone. Hilo ndilo jibu la haki, kwa sababu kichwa huuma kwa mambo mengi, na anayeumwa mara kwa mara amwone daktari hata kama taa zake zote ni kimya.

Ukishainunua, hifadhi risiti na boksi, na usidhani kazi imekwisha. Kapasita huchakazwa na joto. Glopu iliyofungiwa ndani ya kibakuli cha kioo kisicho na hewa huzeeka haraka, na ile iliyokuwa tulivu mwaka wa kwanza yaweza kuanza kupepesa wa tatu. Swichi ya kupunguza mwanga pia huharibu mambo, maana nyingi hukatakata stima, na taa za sola zenye kitufe cha mwanga mdogo hufanya ujanja huohuo: huwaka na kuzima upesi ili ionekane mwanga umepungua. Kwa hiyo mwenye kipandauso azisomee kwa mwanga kamili, na kama ni mkali azisogeze mbali. Tena taa zote zikicheza kwa pamoja kila fundi wa kuchomelea anapowasha mashine yake jirani, hapo glopu haina hatia. Ni stima yenyewe inayoshuka.

Wapo watakaosema turudi kwenye tyubu za zamani. Hazina maisha marefu. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya tyubu hizo ukome ifikapo 2027, kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yake. LED ndizo tutakazosomea, na zilizo tulivu zipo, tena si za matajiri tu. Ile iliyokuwa kimya katika jaribio letu haikuwa ya bei ya juu zaidi.

Kipaneli na spika viko katika laboratori ya Fizikia, kabati la karibu na dirisha. Kila Jumatano, baada ya michezo hadi kengele ya chajio, yeyote anayetaka glopu yake isikilizwe ailete. Asisahau kuiandika jina. Tayari tunazo tatu zisizo na wenyewe, na mbili kati yazo zinanguruma.